Panga Shughuli Yako Kuanzia Kiti cha Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Hafla Uganda

Saa kumi na moja jioni, kwenye kwanjula moja (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana koo kabla ya ndoa) pembezoni mwa Kampala, niliingia hema la mwisho kuangalia kama watu wameshakula. Mama mmoja aliyekuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua alikuwa ameshika sahani ya wali mkavu na kabichi kidogo. Nyama ilikuwa imeishia hema la pili. Hakulalamika. Aliniuliza tu: "Mwanangu, na sisi wa huku tulihesabiwa?"

Tulikuwa tumewahesabu. Chakula kilipikwa cha watu 300, na wageni hawakufika 280. Kilichotuangusha ni meza ya kupakulia: ilikuwa moja, imewekwa mbele kabisa, na wapakuaji hawakupewa kipimo. Waliotangulia walijaziwa sahani, wa nyuma wakabaki na masalio. Tangu siku hiyo kila shughuli, iwe ya familia au ya kampuni, naipanga nikianzia kiti cha mwisho. Anayekaa pale akisikia, akala, akapata choo safi na akarudi kwao salama, basi wa mbele sina wasiwasi nao.

Anza na sentensi moja, kisha mtu mmoja

Kabla hujaulizia bei ya ukumbi, andika kwa sentensi moja kwa nini watu wanakusanyika. "Tunataka koo mbili zijuane na zipeane heshima." "Tunataka mawakala 120 waondoke wakiijua bidhaa mpya na bei yake." Sentensi hiyo ibandike juu ya bajeti. Mtu akija na wazo la fataki au la kukodi gari la kifahari, isomeni pamoja kwanza.

Kisha muafikiane nani ana neno la mwisho. Kwenye kampuni awe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha fedha, maana idara tatu zikitoa maagizo mpambaji ataleta rangi tatu. Kwenye familia jambo hili linahitaji adabu zaidi. Kwanjula ya Kiganda hufanyika nyumbani kwa binti, na upande wa kijana huja kama wageni. Ssenga, yaani shangazi wa binti kwa upande wa baba, ana nafasi ambayo mpangaji wa kulipwa hawezi kuichukua. Wapo pia wasemaji wa pande mbili, na wao ndio huendesha mazungumzo. Huko Ankole, kuhingira, yaani sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, nako huandaliwa na upande wa binti. Kwa hiyo kaa na wazee mapema, uliza mpangilio wa zawadi, nani anapewa jogoo, nani anakaa wapi, na uandike kila jibu. Usilete ratiba uliyotumia kwenye familia nyingine ukadhani itakubalika.

Tarehe

Kampala na maeneo ya karibu na ziwa yana misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi karibu Desemba. Januari, Februari, Juni na Julai huwa na nafuu. Hata hivyo, hapa kwetu mvua ya ghafla ya alasiri haingoji msimu, kwa hiyo shughuli ya nje bila hema la akiba ni kamari na fedha za watu.

Angalia pia kalenda ya watu. Tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, mahujaji hufurika Namugongo, na barabara za upande ule hazipitiki kirahisi siku hiyo na zile zinazoitangulia. Wakati wa Kwaresima Wakatoliki wengi hawafungi ndoa. Katika Ramadhani usiwaite Waislamu kwenye chakula cha mchana. Waandalie futari, nao watakuja kwa moyo. Muhula wa shule unapofunguliwa wazazi wanalipa karo, na michango hukauka. Jumamosi za Desemba huchukuliwa mapema sana kwa sababu harusi na sherehe za kampuni za kufunga mwaka hugongana, na inapokaribia Krismasi jiji linahamia vijijini.

Harusi ipe miezi sita. Mkutano wa kampuni wa watu 100 unaweza kuandaliwa vizuri kwa wiki nane. Ukiwa na chini ya hapo, punguza idadi ya wageni.

Fedha: hesabu kilicho mkononi

Tunazijua kamati zetu za harusi. Watu wanakutana kila wiki, kundi la WhatsApp linafunguliwa, ahadi zinasomwa, keki inanadiwa, kila mtu anapiga makofi. Ahadi ni jambo jema na linaonyesha upendo, lakini mwenye mahema halipwi kwa ahadi.

Ninachofanya ni hiki. Bajeti naiandika kwa safu tatu: kile ambacho shughuli haiwezi kufanyika bila hicho (chakula, maji, viti, mahema, vyoo, sauti, usafiri wa wazee), kile kinachoipendezesha, na kile tunachotamani. Wiki nne kabla ya siku yenyewe nachora mstari: fedha iliyokwisha kuingia ndiyo bajeti. Kama inatosha safu ya kwanza na nusu ya pili, safu ya tatu inafutwa siku hiyo hiyo, mbele ya kamati yote, ili asije mtu akaagiza kisirisiri. Asilimia 10 haiguswi mpaka asubuhi ya shughuli.

Mweka hazina asiwe ndiye mnunuzi. Michango ipokelewe kwenye laini moja ya MTN MoMo au Airtel Money iliyosajiliwa kwa jina ambalo wachangiaji wanalifahamu, na orodha ya waliotoa itumwe kundini kila Ijumaa. Usikimbilie kutoa fedha taslimu: kila unapotoa unakatwa ada ya mtandao pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Mtoa huduma akikubali kulipwa kwa simu, mlipe moja kwa moja. Utaokoa makato, na ujumbe wa malipo utabaki kuwa ushahidi.

Kwa kampuni na mashirika kuna jambo jingine linalosahaulika mpaka wakaguzi wafike. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, kwa hiyo uliza mapema kama bei uliyotajiwa imeijumuisha. Kama kampuni yako imeteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kuwa wakala wa kuzuia kodi (anayemkata mlipwaji kodi na kuipeleka serikalini), malipo yanayozidi shilingi milioni 1 hukatwa asilimia 6. Mweleze mpishi au mpambaji kabla hajasaini, maana akipokea pungufu bila kuelezwa ataona amedhulumiwa. Na kama ni mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT, dai ankara ya EFRIS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA. Karatasi ya mkono yenye muhuri haitakusaidia mbele ya URA.

Mahali pa shughuli

Nenda ukapaone saa ile ile na siku ile ile ya wiki ambayo shughuli itafanyika. Bustani iliyotulia Jumanne asubuhi huenda Jumamosi jioni inapakana na baa yenye muziki mkubwa. Pita barabara ambayo wageni wataipita. Kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe hadi katikati ya Kampala ni karibu kilomita 40. Kwa barabara ya kulipia safari ni nyepesi, lakini ukishuka mjini foleni inakumeza. Wenye ndege za jioni wasipewe zamu ya mwisho ya kuzungumza.

Kampala ni ya vilima, na mteremko ni adui wa mahema. Simama katikati ya uwanja ujiulize: mvua ikinyesha, maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi? Muulize mlinzi wa pale, si meneja. Mlinzi ndiye aliyeiona mvua ya mwisho ikishuka. Ukichagua ufuko wa Entebbe au Munyonyo, kumbuka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga wa taa. Chakula kisiachwe wazi chini ya taa kali.

Mwenye mahema atakwambia hili ni hema la watu 100. Ni kweli, wakikaa kwenye viti vilivyopangwa mistari. Ukiingiza meza za duara na njia ya wapakuaji, hesabu 60. Vyoo nahesabu kimoja kwa kila watu 50, na mtu wa kuvisafisha awepo mpaka mwisho, si asubuhi tu. Tenga pia mahali safi pa kuswalia, pamoja na maji ya kutawadha. Shughuli inayoanza saa nane mchana inapita Alasiri na Magharibi, na mgeni asihangaike kutafuta msikiti akiwa amevaa nguo za sherehe.

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ajue, na kituo cha polisi cha karibu kipewe barua. Majirani waambiwe muziki utazimwa saa ngapi, na uzimwe saa hiyo. Kanuni za kelele zipo, zinasimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani ana haki ya kulala.

Chakula

Hapa ndipo heshima yote ya mwenye shughuli ilipo, kwa hiyo sitafupisha.

Shughuli ya mchana hupikwa tangu usiku. Ukifika nyuma ya nyumba saa nne usiku utawakuta akina mama wamekaa kwenye mikeka, ndizi zinamenywa, zinafungwa kwenye majani ya mgomba na kupangwa kwenye sufuria kubwa juu ya vikonyo ili maji yasiziguse. Matooke, yaani ndizi hizo, hupondwa na kurudishwa kwenye mvuke, na yanataka kuliwa yakiwa ya moto. Yakipoa yanakuwa magumu, na hakuna supu ya kuyaokoa. Kwa sababu hiyo saa ya kula ni ahadi kati yako na mpishi. Ukiichelewesha kwa saa mbili kwa ajili ya hotuba, umemharibia kazi yake.

Luwombo, kitoweo kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, ni rafiki wa mpangaji. Kila fungo la jani lina nyama au kuku wa mtu mmoja pamoja na mchuzi wake, hivyo unahesabu mafungo kama unavyohesabu viti. Linagharimu kazi na fedha zaidi, lakini hakuna anayepakuliwa mara mbili kimyakimya. Kwa vyakula vya sufuria mimi hutumia vipimo hivi: mchele mkavu gramu 100 kwa mtu, nyama yenye mifupa gramu 250. Wageni 300 ni kilo 30 za mchele na kilo 75 za nyama. Kama kuna matooke, viazi na chapati pia, mchele unaweza kushuka hadi kilo 20, lakini nyama isishuke. Maji: chupa mbili za nusu lita kwa kila mtu. Watu 300 ni chupa 600, yaani katoni 25 za chupa 24. Chukua 30.

Mpishi mwambie idadi halisi ukiongeza sehemu moja ya kumi. Kadi ya watu wawili hapa kwetu hufika na watatu, na huwezi kumrudisha shangazi wa mtu mlangoni. Waliokesha jikoni, madereva, walinzi na mafundi wa sauti nao wana matumbo. Waandikie sahani zao kabisa.

Mezani sasa. Weka meza moja ya kupakulia kwa kila watu 80 au 100, na mojawapo iwe mlangoni pa hema la mwisho. Nyama ipakuliwe na mtu mwenye kijiko cha kipimo kimoja, mgeni asijipakulie mwenyewe. Theluthi ya nyama ibaki jikoni chini ya mtu unayemwamini, itoke pale tu hema la mwisho linapoanza kula. Wazee na wageni wa heshima wahudumiwe mezani walipokaa. Hema la nyuma litangulie kwa dakika tano, kisha mahema mengine yaanze pamoja.

Kwa wageni Waislamu, kuandika "halali" kwenye kadi hakutoshi. Mchinjaji awe Mwislamu, na kama kuna nyama ya nguruwe mahali popote kwenye shughuli, jiko lake, vyungu vyake, miiko yake na wapakuaji wake wawe mbali. Naipenda zaidi shughuli isiyo nayo kabisa.

Usalama: chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kilichokaa kwenye hewa ya kawaida kwa zaidi ya saa mbili kisirudishwe mezani. Kachumbari yenye mayai iandaliwe mwisho kabisa.

Umeme na sauti

UEDCL, kampuni ya serikali iliyopokea kazi ya kusambaza umeme baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kuisha mwaka 2025, hutangaza maeneo yatakayozimwa kwa ajili ya matengenezo. Fuatilia wiki hiyo. Lakini jenereta kodi hata kama hakuna tangazo. Jumlisha mahitaji ya spika, taa, friji na projekta. Jenereta ya kVA 20 hubeba takriban kilowati 16, na usiipakie mpaka mwisho. Majiko ya umeme ya mpishi yasitoke kwenye njia moja na spika. Dizeli ijazwe usiku uliotangulia, na fundi wake alipwe abaki pale pale.

Kupima sauti: mpe mtu maikrofoni asome gazeti, wewe nenda ukakae kiti cha mwisho. Kama husikii kila neno, usiongeze sauti ya mbele, maana utawaziba masikio walio karibu. Omba spika mbili ndogo zipelekwe nyuma.

Ratiba inaandikwa kinyumenyume

Ikweta inatupa zawadi: mwaka mzima jua linazama karibu saa moja jioni. Anza hapo urudi nyuma. Kama picha za familia zinataka mwanga, ziwe zimekwisha saa kumi na mbili. Chakula saa tisa na nusu. Kwa hiyo kwenye kwanjula upande wa kijana uwe umeingia saa sita, nao wawe wamekusanyika kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu tangu saa nne na nusu, wakivaa kanzu na gomesi (vazi la heshima la wanawake) na kupanga vikapu. Mtu mmoja wa upande wa binti awepo pale kituoni, mwenye simu iliyojaa chaji.

Hotuba ndizo hula muda. Kubalianeni majina ya wasemaji na dakika zao, mshereheshaji awe na orodha hiyo, na wewe uwe umesimama anapokuona. Mgeni rasmi akichelewa, ratiba iendelee. Naamini hili kabisa: watu wakishafika saa ya kula, wanakula, hata kama waziri bado yuko njiani. Mgeni rasmi mwenye busara akikuta watu wameshiba hatachukia.

Lugha nayo ni kiti. Mshereheshaji anayesema Kiganda na Kiingereza peke yake anawaacha nje wageni kutoka West Nile, Kongo, Kenya na Tanzania. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini kwenye sherehe zetu bado unahitaji kukiombea nafasi. Mwambie mshereheshaji afupishe kila jambo kubwa kwa sentensi mbili za Kiswahili. Hazimchukulii dakika, na hema zima linaamka.

Nyongeza kwa shughuli za kikazi

Foleni ya usajili huanzia kwenye majina. Mmoja amejiandikisha kwa kutanguliza jina la ukoo, mezani anajitambulisha kwa jina la dini, na karani anapekua karatasi zote huku watu 40 wamesimama. Panga orodha kwa tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu, utashangaa inavyokwenda haraka.

Mkiwa mnarudisha nauli, tajeni kiasi kwenye barua ya mwaliko, kisha lipeni siku hiyo hiyo kwa simu baada ya mtu kusaini. Aliyetoka Mbale au Gulu ameshatumia fedha yake ya nyumbani. Mawasilisho yote yawe kwenye kompyuta moja kabla ya saa mbili asubuhi, na nakala kwenye kifaa kingine.

Mikataba, na siku yenyewe

Kila mtoa huduma aandike anacholeta, saa atakayofika, na nini kitatokea asipofika. Nusu ya malipo mwanzoni, sehemu ya pili vitu vinaposhushwa, na angalau asilimia 20 ibaki mpaka kazi iishe. Niliwahi kumlipa mtu yote wiki moja kabla kwa sababu tulikuwa tunaaminiana. Asubuhi ya shughuli alinijibu kwamba viti vyangu viko kwenye harusi nyingine na vitakuja "vikimaliza".

Siku hiyo bwana na bibi harusi, au mkurugenzi, wasishike simu. Awepo mratibu mmoja, na watoa huduma wote wawe na namba yake tangu jana. Awe na bahasha za malipo ya mwisho zilizoandikwa majina, karatasi ya namba zote (simu huzima), sanduku la huduma ya kwanza, na gari moja lisilopewa kazi yoyote. Gari hilo ndilo litakalompeleka mzee aliyezidiwa hospitali, au kufuata barafu. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112.

Baada ya wageni kuondoka

Viti, sahani na kreti zihesabiwe mbele ya wenyewe kabla gari halijawashwa, maana vilivyopotea utadaiwa kesho kwa bei wanayoitaka wao. Chakula kilichobaki na bado kiko salama kigawiwe usiku huo huo kwa waliopika na majirani. Ndani ya siku saba mweka hazina atume hesabu kamili kwa kila aliyechangia, aliyetoa milioni na aliyetoa elfu kumi.

Kisha mimi huwapigia simu watu watatu waliokaa hema la mwisho. Nawauliza: ulisikia walichosema? Ulikula nini, na saa ngapi? Ulifikaje nyumbani? Majibu yao nayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la shughuli inayofuata.